Karatasi Niliyoibeba Siku Arobaini

Kazi yangu ni kuuza glavu, aproni na gambuti kwa viwanda, na mara mbili kwa wiki kazi hiyo hunipeleka upande ule wa Thika ambako ngozi hutengenezwa. Anayepajua atakuwa amekunja pua tayari. Ni harufu ya chumvi na nyama iliyokaa, pamoja na dawa kali inayochoma koo, na haina adabu kabisa; hata ukifunga vioo vya gari itaingia tu. Wenzangu huvuta skafu hadi puani na kulalamika. Mimi hunyamaza. Msinicheke, lakini nikiipata harufu hiyo moyo hunitulia kwanza, kabla sijakumbuka kwamba haufai kutulia. Baba yangu alinuka hivyo. Nilipokuwa na miaka tisa niliamini ndivyo anavyonuka mtu anayekupenda.

Alikuwa akikwangua ngozi, kazi ya kusimama kwenye maji mchana kutwa. Jioni aliporudi Ruiru, ambako tulikuwa na chumba kimoja katika safu ya vyumba kumi, mfukoni hakukosa vipande vya ngozi vilivyotupwa. Alinitengenezea viatu vya kamba. Alinitengenezea mkanda, kikoba cha penseli, na siku moja kola ya mbwa, ilhali hatukuwa na mbwa. Alisema mbwa atakuja, tutangulize kola. Mtu wa namna hiyo utaachaje kumpenda?

Mama naye alifua nguo za baba kando, katika karai lake, mbali na zetu. Mara kwa mara alinituma kwa Mama Kevo, jirani wetu wa chumba cha tatu, nikaombe kitunguu. Mama Kevo hakunipa kitunguu. Alinikalisha kwenye kochi, akawasha televisheni, akaongeza sauti mpaka madirisha yakatetemeka, na hakunirudisha mpaka aitwe. Nilizipenda sana safari za kitunguu. Nyuma ya zile sauti za televisheni nilisikia nyingine, na nilijua zinatoka wapi, lakini nilijifunza kutazama picha. Kesho yake mama alikuwa na alama, na akiulizwa kisimani alisema ameteleza. Mama yangu aliteleza sana mwaka ule.

Asubuhi moja, baba alipokwisha kwenda kazini, mama alifunga nguo katika mifuko miwili, akambeba mgongoni mdogo wangu Ndung'u aliyekuwa na miaka mitatu, akanishika mkono, tukahamia Witeithie. Ni miaka ile barabara ya Thika ilipokuwa ikipanuliwa. Mliokuwa huko mnalikumbuka lile vumbi. Lilikuwa kwenye chai, kwenye kope, kwenye Biblia. Lakini palipo na mitambo pana wanaume wenye njaa, na mama alijua kupika. Alipata kibanda cha mabati kando ya barabara, akaanza kuwauzia wajenzi githeri na chapati, nasi tukapata chumba nyuma ya kinu cha kusaga unga.

Utashangaa alivyothubutu. Baba alipita hapo hapo kila siku, asubuhi akienda Thika na jioni akirudi Ruiru. Mama alikuwa amepiga hesabu yake. Alijua baba angemtafuta kwa cucu, mama yake mzazi, kule Gatuanyaga, na angewatafuta shangazi zake wote Murang'a, lakini hangedhani kwamba mtu anaweza kujificha mahali anapopita yeye mwenyewe. Kwa hivyo alifunga kitambaa hadi kwenye nyusi na kukaa akiipa barabara mgongo. Mimi aliniambia jambo moja tu: "Nyokabi, mtu akikuuliza mnakaa wapi, wewe ni bubu. Umesikia?" Nilisikia. Kila jioni nilimuuliza baba atakuja lini, naye akanijibu, "Kula."

Sasa niwaambie kuhusu kanisa letu, kwa maana kisa chote kimekaa hapo. Lilikuwa kanisa dogo la mabati, waumini wake wachache kiasi cha kujuana kwa viatu. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Mwalimu Wangeci, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuendesha gwaride, alikuwa ameanzisha desturi ambayo sijaiona penginepo. Wakubwa waliandika kila mtu ombi lake kwenye kipande cha karatasi bila jina, wakakikunja, wakakibana kwa stepla, na nje wakachora alama ndogo ambayo mwenyewe angeitambua. Karatasi zote zikatiwa kwenye kiondo, nasi watoto tukapita mbele, kila mmoja akachukua moja macho yakiwa yamefumbwa. Uliibeba siku arobaini. Uliibana kwa pini ndani ya nguo, upande wa moyo, na asubuhi na jioni ulipiga magoti ukasema: Mungu, mpe mwenye karatasi hii anachokuomba. Siku ya arobaini karatasi zilichomwa kwenye sinia mbele ya kanisa, na aliyejibiwa akatoa ushuhuda.

"Nyinyi ndio Mungu anawasikia haraka," Mwalimu Wangeci alituambia. "Sisi wakubwa tuko na mambo mengi kichwani. Lakini ukifungua, ombi linatoka kama mvuke. Usifungue!"

Bila shaka wengine walifungua. Rafiki yangu Brayo alifungua yake kabla hajafika kwao. "We Nyokabi, unajua nimepewa nini?" aliniambia akiwa amekasirika kweli kweli. "Mzee fulani anataka ng'ombe yake ishike mimba. Sasa mimi siku arobaini naombea ng'ombe. Haki hii ni nini?" Aliomba hivyo hivyo, na ng'ombe ikashika mimba, na Brayo akatembea na kidevu juu muhula mzima.

Yangu ilikuwa na alama ya jani dogo la kalamu ya bluu. Niliibeba vizuri. Kwa siku kumi na tatu sikukosa hata mara moja, na mama mwenyewe aliniona nikipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Omba sana, mami. Huyo mtu wako huenda ana shida kubwa." Alikuwa hajaiona ile karatasi, tulikatazwa kuzionyesha, nayo ilikuwa imejificha chini ya sweta.

Siku ya kumi na nne nilinyeshewa nikitoka kuchota maji. Nilipoitoa karatasi ilikuwa imelowa na ule waya wa stepla umeshika kutu, na nikajiambia lazima niifungue niianike kando ya jiko, la sivyo ombi la mtu litaharibika. Nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba mikono ilikuwa inaniwasha tangu siku ya kwanza. Nikaifungua, nikaona mwandiko ninaoujua, ule wa kwenye orodha ya kutumwa dukani, wenye herufi zilizolala upande mmoja. Iliandikwa hivi: "Mungu wangu, tufiche. Baba Nyokabi asijue tuko wapi. Akijua sitapona. Siombi kitu kingine."

Niliisoma mara tatu. Nataka kuwa mkweli kwenu. Nilikuwa msomaji mzuri, wa pili darasani, na hakuna neno hapo nisilolijua. Lakini kuna sentensi moja niliyoiruka kila nilipoifikia. Niliyoyashika ni yale ya kwanza. Kumbe kwa siku kumi na tatu nilikuwa nimepiga magoti, asubuhi na jioni, kumwomba Mungu atufiche, nisimwone baba yangu! Nilihisi nimedanganywa na watu wote, mama, Mwalimu Wangeci, hata na kile kiondo. Nililia kwa hasira. Halafu nikaikunja karatasi, nikaibana tena mahali pake, na jioni ile nikapiga magoti kama kawaida, mama akinitazama, na kimoyomoyo nikasema: Mungu, mwenye karatasi hii usimpe. Nipe mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea. Mara mbili kwa siku.

Wiki ile ile tulipelekwa Gatuanyaga kwa cucu, mimi na Ndung'u, kumalizia likizo, kwa sababu wajenzi walikuwa wameongezeka na mama hakuwa na nafasi ya kutuangalia; alihesabu kwamba baba alikwisha kututafuta huko akatukosa. Kwa cucu kulikuwa kukavu. Mahindi yalikuwa yamesimama yakiwa meupe, hayana kitu, na mbuzi walikula hata katoni. Cucu alikuwa mtu wa maneno machache na alipenda kukaa kwenye kigoda chake akitoa mbaazi kwenye maganda. Siku moja karibu saa nne asubuhi tulisikia pikipiki. Cucu alichungulia, akatusukuma jikoni, akavuta mlango. "Kaeni hapo. Mtu asikohoe."

Nilichungulia kati ya mbao. Baba alikuwa amekuja na kaka yake mkubwa, wamevaa makoti, wamebeba sukari, majani ya chai na blanketi jipya kwenye karatasi ya nailoni. Ndivyo ilivyo kwetu: mke akirudi kwao, mume huenda kumwomba akiwa na mzee wa upande wake, na hapewi jibu mlangoni, huketishwa, huletewa chai, ndipo maneno yakaanza. Cucu hakuwaketisha. Hakuwasha hata moto. Aliwaacha wamesimama juani kando ya zizi la mbuzi, na yeye akaendelea na mbaazi zake.

"Muthoniwa," alimwambia baba, akimwita mkwe kwa heshima yote, "rudi na sukari yako. Hapa hakuna mtu wako."

Baba alipiga magoti. Sijawahi kuona mwanamume amepiga magoti mahali pasipo kanisa. "Maitu, mama yangu, nimekosa," alisema. "Nimeokoka sasa. Hata pombe nimeacha. Nirudishie watoto wangu tu."

"Ulipokuwa unampiga ulikuja kuniuliza?" cucu alisema. "Basi mbona leo unaniuliza? Inuka, unachafua suruali."

Machozi yalikuwa yanamtoka baba. Niliyaona vizuri, yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, na nilimchukia cucu kwa kutomhurumia. Kaka yake alimwinua, wakageuka, wakaenda. Cucu aliingia nyumbani kutafuta tumbaku yake. Nikachukua mtungi kama naenda kuchota maji, nikamwacha Ndung'u na kikombe cha uji, nikakata katikati ya yale mahindi makavu yanayokwaruza miguu, nikamwahi baba barabarani. Kaka yake alikuwa ametangulia kumtafuta mwenye pikipiki.

"Baba!"

Aliniinua juu, na ile harufu ikanifunika. "Nyokabi wangu. Ngai, umekuwa mkubwa."

"Baba, rudi nyumbani. Tafadhali. Nimekuombea kila siku."

"Nyumbani wapi, mami? Mimi hata sijui mnalala wapi."

"Utampiga mama?"

"Zii. Nimeokoka, si umesikia? Haki ya Mungu." Alilamba kidole akakiinua juu, vile tulivyokuwa tukiapa shuleni, na kwa sababu alikuwa mtu mzima akiapa kitoto nilimwamini zaidi.

Sikukumbuka ububu wangu. Nilimwambia Witeithie. Nilimwambia ni nyuma ya kinu, na kwamba mama huwapikia watu wa barabara kwenye kibanda cha mabati, na nikaongeza hata kwamba mlango wetu ni wa bluu, asije akakosea. Hakunilazimisha, hakunipa peremende, hakuniuliza mara mbili. Nataka mjue hilo. Mimi ndiye niliyemsihi.

Niliporudi na mtungi mtupu cucu alinitazama sana, lakini alidhani nimeukuta mfereji umekauka, na mara nyingi ulikuwa hivyo.

Hakuja mara moja. Tulirudi Witeithie siku ya Ijumaa, nikampata mama mzima, amechoka, anaimba. Jumamosi saa saba mchana viti vyote vya kibanda vilikuwa vimejaa wanaume wenye helmeti, mama akipakua, mimi nikiosha sahani. Niliisikia harufu kabla sijageuka. Alikuwa amesimama mlangoni na shati jipya.

"Mama Nyokabi," alisema. "Habari ya siku nyingi."

Mama hakupiga kelele. Kwanza aliinua macho akatazama mabati juu, na midomo yake ikasogea kidogo, kisha ikaacha. Nimeukumbuka uso ule miaka yote bila kujua naukumbukia nini. Kisha alichukua sahani, akaijaza githeri, akaweka kipande cha parachichi juu, akampa kwa mikono miwili. "Karibu," alisema. Wanaume walisogea kumpisha mwenzao akae. Mimi nilimrukia shingoni huku sabuni ikinidondoka mikononi. Nilicheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka.

Siku ya arobaini iliangukia Jumapili ya pili baada ya hapo. Baba aliketi mstari wa mbele, na mchungaji alikuwa amekwisha kumkaribisha kwa makofi. Mwalimu Wangeci alipouliza ni mtoto gani ana ushuhuda, nilisimama kabla hajamaliza. Moyoni nilijua nimesema kwa mdomo wangu, kwenye barabara ya vumbi. Lakini nilikuwa nimejiambia kwamba Mungu ndiye aliyemleta baba Gatuanyaga na kunipa upenyo katikati ya mahindi, kwa hivyo ni yale yale. "Niliomba baba yangu arudi," nilisema. "Niliomba asubuhi na jioni. Na Mungu amemleta."

Kanisa liliinuka. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akaanza kupiga ngoma. Mchungaji akamwita mama asimame kando yangu aseme neno. Alikuja na Ndung'u mkononi. Alimhamishia Ndung'u kwenye nyonga nyingine, akasema, "Bwana asifiwe. Mungu ametenda," na wote wakaitikia.

Ndipo likaletwa sinia. Tulipanga mstari, kila mtoto akatoa karatasi yake na kuiweka motoni. Nilipofungua pini yangu mama alikuwa bado kando yangu, na akaliona lile jani la bluu. Alilitazama, akanitazama mimi. Nilidhani atanipiga, maana karatasi ilionekana wazi kwamba imefunguliwa na kukunjwa upya. Alinitengeneza kola ya nguo, akarudi kuketi.

Baba alikuwa mtu mzuri mpaka shule zilipofungwa. Kabla ya Krismasi, Jumapili moja mchana, alimvunja mama mkono wa kushoto kwa kile kijiti cha kusukumia chapati. Safari hii hakukuwa na Mama Kevo wala televisheni. Nilikuwa chumbani, na nikaona. Mfupa uliungwa vibaya, na vidole vitatu vya mama havijakunjika tangu siku ile. Ndung'u alijifunza kuingia chini ya kitanda kila harufu ya ngozi ilipopita mlangoni, hata ikiwa ni mgeni tu aliyefanya kazi huko. Hivyo tuliishi miaka sita. Majirani walimwambia mama atoroke tena. Mmoja alijitolea kumpeleka mbali, huko asikojua mtu. Jibu lake lilikuwa moja. "Niende wapi ambapo hataonyeshwa?" Mimi nilidhani ni uchovu unaosema. Mwisho baba alikufa kwa ini, akiwa amekonda sana, na mama alimuuguza mpaka siku ya mwisho na kumtupia mchanga kaburini kwa mkono wa kulia.

Sasa mama anaishi Gatuanyaga kwenye shamba la cucu, ambaye naye alishatuacha. Kila Jumatano wanawake wa ushirika hukutana nyumbani kwa mmoja wao, na ikifika zamu ya maombi kila mmoja husema haja yake: mtoto anatafuta kazi, goti linauma, mvua. Mama huwa na jibu lake, "Mimi niko sawa. Ombeeni wengine." Nilijivunia jambo hilo. Niliwaambia marafiki zangu kwamba mama yangu haombi kitu, yeye hushukuru tu. Kwa hilo nilimwona mtakatifu.

Mwaka jana nilikuwa na likizo fupi na Jumatano ikanikuta hapo kwake. Wanawake walikaa, wakaimba, wakasema haja zao, na mama akasema lake la siku zote. Walipouliza nani afunge kwa maombi, yeye akanionyesha kwa ule mkono wake.

"Mwacheni Nyokabi afunge," alisema. "Huyu Mungu anamsikia. Tulipokuwa Witeithie mimi niliomba langu na yeye akaomba lake, tukiwa nyumba moja, na Mungu akampa yeye. Mimi alinikatalia. Tangu hapo sijamsumbua."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba duka fulani halimkopeshi, basi, kuna maduka mengine. Wanawake walicheka kidogo, wakidhani ni utani wa mama na binti yake, wakafumba macho kunisubiri. Sijui niliomba nini. Najua nilisema amina.

Walipokwisha kwenda mama alikaa kwenye kigoda kuchagua maharagwe. Niliketi chini, mbele yake, nikamwambia. Nilimwambia nilifungua karatasi, nikamwambia vile nilivyogeuza maneno, lakini hayo aliyapokea kwa kichwa tu, alikuwa ameyajua tangu siku ya sinia. Nikamwambia kuhusu mtungi na mahindi na kidole kilicholambwa. Nikamwambia kuhusu mlango wa bluu.

Mikono yake ilisimama. "Ni wewe ulimwambia?" aliuliza. "Kwa mdomo wako?"

"Ndio, mami."

"Si alionyeshwa na Mungu?"

"Hapana. Nilimwambia. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikamwambia."

Nilisubiri. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo karibu miaka kumi na tano, na katika miaka yote hiyo nilijua atasema nini: atautaja mkono wake, atamtaja Ndung'u chini ya kitanda, atasema ni mimi. Nilikuwa tayari kwa hayo yote. Ungo ulimwinamia magotini, maharagwe yakimwagika asijue.

"Kwa hivyo hakunikatalia," mama alisema.

Halafu akalia. Sikuwahi kumsikia akilia kwa sauti, hata siku ya mkono. Nilitaka kumshika, akanikataza kwa kiganja. Mtu mwerevu angeweza kuuliza kama Mungu hangenifunga ulimi barabarani pale kama kweli alikuwa amelikubali ombi lake. Mimi mwenyewe nimejiuliza sana. Mama hakuuliza, na mimi sikumkumbusha.

Ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Kwa miaka yote nilijihukumu kwa ajili ya mkono uliovunjika, na hukumu hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa nusu tu. Watu wengi wanaopigwa hubaki na mahali pa kwenda kusema. Mama alikuwa amepeleka ombi moja, akasema haombi kitu kingine, akaona limerudi likiwa limekataliwa mbele ya kanisa zima, kwa vigelegele, na mtoto wake wa kuzaa ndiye aliyelipinga na kushinda. Akaamini ndivyo alivyohesabiwa huko juu. Aliamua asiwe msumbufu. Alipigwa miaka sita bila kumwambia mtu yeyote, hata yule tuliyefundishwa kwamba anasikia kila kitu, na neno moja langu lingeweza kumfungulia mlango huo siku yoyote, na kila siku nililimeza kwa kuogopa kukemewa.

Aliinuka akaingia chumbani kwake na kurudisha mlango. Nilibaki chini nikiokota maharagwe. Baadaye nilisikia anazungumza, kwa Kikuyu, polepole, akisimama hapa na pale, kama tunavyoongea na mtu tuliyekosana naye zamani na hatujui tuanzie wapi. Nilisogea karibu nisikie anaomba nini baada ya miaka yote hiyo.

Alikuwa anaomba msamaha. Alimwambia Mungu kwamba alimdhania vibaya, kwamba yeye ndiye aliyekosa, amsamehe.